Ikemen GO, Godot, Unity au Unreal: ulinganisho kwa timu ya Nairobi inayotengeneza mchezo wa mapigano wa kabati

Mchezo wa mapigano wa kwenye kabati, yaani mashine ya kusimama inayochezwa kwa sarafu, hauna nafasi ya kujitetea. Wachezaji wawili wamesimama bega kwa bega, sarafu wameshatumbukiza, na hakuna hata mmoja atakayesoma maelekezo. Kitufe kikibonyezwa na ngumi ikachelewa, lawama yote ni ya mchezo. Kwa hiyo injini, yaani programu ambayo mchezo hujengwa juu yake, ichaguliwe kwa kuangalia kabati lenyewe na watu mlio nao, si kwa kuangalia ni ipi inayosifiwa mwaka huu.

Tunaiwazia timu ndogo, watu wawili hadi wanne, ambayo mchezo wake bado haujatoka. Wahusika wawili watatu wameanza kusogea, mandhari ni moja, tuseme stage ya Kencom jioni, na sasa mnajiuliza kama mmepanda matatu yenye namba sahihi.

Kipimo kwanza. Michezo hii huhesabiwa kwa fremu (picha moja ya skrini), kwa kawaida 60 kwa sekunde, yaani milisekunde 16.67 kila moja. Ngumi nyepesi hutoka kwa fremu 4 au 5, ikabaki hai kwa fremu 2 au 3, kisha mkono ukarudi kwa fremu 7 hivi. Fremu moja tu huamua nani anagongwa. Injini isiyokuachia kuhesabu hivi kwa nambari kamili itakusumbua hadi mwisho, hata picha zake zing'ae namna gani.

Ikemen GO: mchezo uliokwisha kujengwa, unasubiri wahusika

Ikemen GO ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Go, nayo husoma faili za M.U.G.E.N, injini ya Elecbyte iliyoanza kusambaa mwaka 1999. Haikutengenezwa kwa michezo ya kila aina. Mistari ya uhai, raundi, saa, kujikinga, mitupo, kombo, skrini ya kuchagua mhusika na sehemu ya mazoezi vyote vimo tayari. Timu yenye mchoraji hodari na isiyo na mprogramu haina sababu ya kwenda mbali.

Mhusika ni folda moja. Faili ya .def inazitaja nyingine zote; .sff hubeba picha, .snd sauti, .air mpangilio wa fremu, .cmd amri za jostiki, na .cns hali za mhusika: amesimama, anaruka, anapiga, anapigwa. Ndani ya .air, Clsn1 ni kisanduku kinachopiga na Clsn2 ni kinachopigwa. Robo duara kwenda mbele pamoja na ngumi huandikwa `~D, DF, F, x`, na `time = 15` humpa mchezaji fremu 15 za kuimaliza. Kwa kabati la mtaani ongezeni hadi 20. Wengi watakaocheza wamekulia kwenye padi ya PlayStation, na mkono wao kwenye jostiki bado ni mzito.

Makosa yanayowakwamisha wageni wa injini hii yanajulikana. Mhusika akipiga ngumi kisha akaganda, hali ile haina mlango wa kutokea: wekeni ChangeState, amri ya kubadilisha hali, yenye `trigger1 = AnimTime = 0`, `value = 0` na `ctrl = 1`. Pigo maalum likikataa kutoka na badala yake ikatoka ngumi ya kawaida, angalieni mpangilio wa State -1, sehemu inayolinganisha amri za mchezaji na mapigo. Injini husoma kutoka juu kwenda chini na kuchukua ya kwanza inayokubali, kwa hiyo mapigo makubwa yakae juu, maalum yafuate, ya kawaida chini. Naye akipotea au kuganda kwenye picha isiyo yake kila anapogongwa, basi miondoko ya namba 5000 na kuendelea, ile ya kupigwa na kuanguka, ina pengo.

Halafu leseni, ambayo watu huikumbuka wakiwa wamechelewa. Msimbo wa Ikemen GO uko chini ya leseni huria ya MIT, mnaruhusiwa kuuza. Lakini skrini za Elecbyte na mhusika wa mfano, Kung Fu Man, ziko chini ya Creative Commons isiyoruhusu biashara. Kabati likianza kumeza sarafu, vitu hivyo viwe vimeshatolewa hadi herufi na sauti za menyu. Wahusika wa kampuni za Capcom na SNK waliojaa intaneti hata msiwaguse.

Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kisicho pigano ni kigumu kidogo. Menyu ziko kwenye hati za lugha ya Lua, na kuunganisha malipo kutawalazimu kuzigusa, pengine hata msimbo wa Go wenyewe.

Godot: uhuru zaidi, kazi zaidi

Godot nayo ni ya MIT, haina mrabaha, na kihariri chake hupakuliwa kwa chini ya MB 200, jambo ambalo anayelipia bando kwa siku hulielewa haraka. Kwa mashine dhaifu chagueni mfumo wa uchoraji wa Compatibility. Na si injini ya majaribio tu: Your Only Move Is HUSTLE, mchezo wa mapigano wa 2023, ulitengenezwa kwayo.

Sharti lake ni mprogramu mmoja mwenye subira, kwa sababu mapigano yenyewe mtayaandika kutoka mwanzo. Mantiki yote ikae ndani ya `_physics_process`, ambayo tayari huenda mara 60 kwa sekunde. Kigezo cha delta (muda uliopita tangu hatua iliyotangulia) msikitumie kabisa kwenye mapigo; kila hali iwe na kihesabu chake cha nambari kamili, `fremu += 1`, na jedwali linalosema fremu ya 5 kisanduku kinawaka, ya 8 kinazimika. `physics_jitter_fix` ishusheni kutoka 0.5 hadi 0.

Mtego mkubwa wa Godot ni Area2D, eneo lake la kutambua migusano. Inavutia kwa sababu ina ishara za kugusana, lakini orodha ya vilivyogusana husasishwa mara moja tu kwa kila hatua ya fizikia, si papo hapo mhusika anaposogea. Matokeo yake ngumi hugonga fremu moja baadaye, au wachezaji wawili wanapopigana kwa wakati mmoja, mmoja hupewa ushindi kwa bahati. Andikeni ulinganishaji wa mistatili wenu wenyewe. Ni mistari kumi hivi. Kusanyeni kwanza migongano yote ya fremu hiyo, ndipo mpunguze uhai wa wote wawili pamoja.

Mahali pa mhusika pia pawe nambari kamili, tuseme pikseli mara 1000, na desimali zitumike wakati wa kuchora tu. Faida yake ni kwamba pigano lolote linaweza kurudiwa hivyo hivyo. Mchezaji mmoja ana pande nne za jostiki na vitufe sita, yaani biti 10, zinazoenea kwenye baiti 2. Raundi nzima ya sekunde 99 kwa wachezaji wawili ni baiti 23,760. Hifadhini hizo pamoja na mbegu ya nambari za bahati nasibu, na hitilafu iliyotokea kwenye kabati Jumamosi usiku mtaiona tena mezani Jumatatu. Wengine hudhani mambo haya ni ya kucheza kwa intaneti tu. Kweli, mbinu ya kurudisha fremu nyuma iliyoenezwa na GGPO ya Tony Cannon, ambayo msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2019, haiwezekani bila hayo. Ila kwa kabati la watu wawili mbinu hiyo yenyewe hamuihitaji, na timu inayotumia miezi kuijenga kabla ya mhusika wa pili kukamilika inajichelewesha bure.

Unity na Unreal

Unity ina soko kubwa la vifaa vya kununua, ikiwemo Universal Fighting Engine inayokuja na mfumo mzima wa mapigano. Kama mwenzenu ameshafanya kazi na Unity miaka kadhaa, bakini nayo. Vinginevyo, jihadharini na mipangilio yake ya kuanzia. FixedUpdate, hatua yake ya muda maalum, huja ikiwa sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde, na mchezo uliopangwa kwa fremu 60 unaonekana mzito bila mtu kujua sababu, andikeni 0.01666667. GetButtonDown, yaani swali la kama kitufe kimebonyezwa, ikisomwa ndani ya FixedUpdate hupoteza baadhi ya mibonyezo, kwa hiyo isomwe ndani ya Update, inayoendeshwa kila picha ya skrini, na kuwekwa akiba hadi hatua inayofuata. Kwenye Animator, sehemu inayopanga miondoko, alama ya Has Exit Time ikibaki imewashwa, teke husubiri mwendo wa kutembea umalizike kwanza. Hiyo pekee huwafanya wachezaji waseme vitufe vimekufa.

Kuhusu pesa: ada ya kila usakinishaji iliyotangazwa Septemba 2023 ilifutwa Septemba 2024, na toleo la Personal ni la bure hadi mapato au ufadhili wa dola 200,000. Kelele ile haipaswi tena kuamua lolote, ingawa wasiwasi wa kuamshwa na sheria mpya unaeleweka.

Unreal imebeba majina makubwa kama Tekken 7 na Guilty Gear Strive. Mrabaha wake wa asilimia 5 huanza baada ya dola milioni moja, kwa hiyo hauwagusi. Kinachowagusa ni uzito: makumi ya GB za kupakua, kadi ya picha ndani ya kila kabati, na joto lake ndani ya sanduku la mbao. Kwa picha za pande mbili ni kubwa mno. Kuandika injini yenu kwa lugha ya C na maktaba ya SDL ni njia ya heshima kwa anayeijua, na ndiyo nyepesi kuliko zote kwenye mashine, lakini menyu pekee zitakula msimu mzima.

| | Ikemen GO | Godot | Unity | Unreal |
|---|---|---|---|---|
| Nani anahitajika | mchoraji mvumilivu | mprogramu 1 | mprogramu anayeijua tayari | timu |
| Mapigano | yamo | mnaandika | mnaandika au mnanunua | mnaandika |
| Mashine ndogo bila kadi ya picha | sawa | sawa | sawa, kwa uangalifu | hapana |
| Kuunganisha malipo | kugumu | rahisi | rahisi | inawezekana |

Picha za wahusika: hapa ndipo muda unakoishia

Hesabu ya mhusika mmoja wa vitufe sita: mapigo 18 ya kawaida (akiwa amesimama, amechuchumaa, hewani) kwa wastani wa picha 5 ni 90. Kupigwa, kujikinga na kuanguka 40. Kutembea, kuruka na kuchuchumaa 40. Mapigo maalum matatu 30, mitupo miwili 12, pigo kuu 15, kuingia na kushinda 20. Jumla 247. Punguzeni vitufe viwe vinne na mnabaki na 217. Si nafuu kubwa kwa mchoraji, lakini ni nafuu kubwa kwa mchezaji mgeni na kwa fundi wa waya. Sisi tungeenda na vinne.

Kuchora kwa mkono hutoa sura nzuri kuliko zote, na hakuna njia ya mkato. Kupiga picha watu halisi ni njia ya Mortal Kombat ya 1992, iliyotengenezwa na kiini cha watu wanne kwa takriban miezi kumi, na bado inafaa kwa timu yenye simu nzuri na marafiki wanaojua karate. Kitambaa cha kijani cha Eastleigh kinatosha, upana usiopungua mita 3, na mwigizaji asimame angalau mita 2 mbele yake la sivyo rangi ya kijani inamrukia mabegani. Rekodini kwa fremu 60, fungeni mwangaza na fokasi ya simu isijibadilishe yenyewe, na msiisogeze tripodi hata sentimita hadi mhusika aishe: urefu wa mtu ukibadilika kati ya picha ya kusimama na ya kupiga, atakuwa anapumua kama puto kwenye skrini. Nguo zisiwe za kupepea. Ngumi ikichukuliwa kwenye video huwa ya polepole mno, kwa hiyo chagueni picha 4 au 5 tu na mtupe zilizobaki.

Njia ya tatu, kuunda mhusika wa 3D kwenye Blender na kumtoa kama picha bapa, hulipa kuanzia mhusika wa tatu, kwa sababu mifupa na miondoko hutumika tena. Kwa wawili ni kazi ya ziada.

Kabati: sehemu inayofichua uongo wa injini

Enkoda (bodi ndogo zinazounganisha vitufe na kompyuta) za bei ya chini zinazouzwa kwa jina la Zero Delay huongeza ucheleweshaji licha ya jina. Raspberry Pi Pico yenye programu huria ya GP2040-CE husomwa mara 1000 kwa sekunde na hufanya kazi hiyo kwa chini ya milisekunde moja. Inahitaji kulehemu waya, basi. Vitufe vya Sanwa vya mm 30 hupokea viunganishi vya mm 2.8, vile vya Kichina mara nyingi huhitaji mm 4.8, kwa hiyo pimeni kabla ya kukata waya. Waya wa ardhi uwe mnyororo mmoja, na ukiona vitufe vyote vya upande mmoja vimekufa kwa pamoja, ndio umechomoka.

Televisheni ni mhalifu mkubwa kuliko zote. Bila modi ya michezo, usindikaji wa picha hula fremu kadhaa. Pimeni kwa simu inayorekodi fremu 240: piga video kidole na skrini pamoja, hesabu fremu tangu kitufe kishuke hadi mhusika asogee, zidisha kwa 4.17. Fremu 24 ni milisekunde 100, na hapo mchezaji wa Tekken anaondoka. Tafuteni isizidi 16 au 17, karibu milisekunde 70. Kabla ya kulaumu injini badilisheni televisheni na mpime tena.

Kwa ubongo wa kabati, kompyuta ndogo za ofisi za ex-UK zinazopatikana maduka ya Moi Avenue na Luthuli zinazidi uwezo wa Ikemen GO na Godot kwa picha za pande mbili. Stima ikikatika katikati ya pigano, kinachokufa si mchezo bali mfumo wa faili. Sakinisheni Linux, diski ya mfumo iwe ya kusomwa tu, na alama za wachezaji ziandikwe kwenye sehemu ndogo tofauti. Kwenye BIOS washeni chaguo la kompyuta kujiwasha yenyewe stima inaporudi. Mwenye duka hatafungua kabati kutafuta kitufe. Blokbodi ya mm 18 kutoka kwa mafundi wa Gikomba hubeba jostiki vizuri, lakini chini ya jostiki ipunguzwe unene au iwekwe bati la Kamukunji, la sivyo shina linabaki fupi juu.

Sarafu au M-Pesa

Kipokezi cha CH-926 hutumia volti 12, hujifunza aina sita za sarafu na kutoa mipigo ambayo Pico inaweza kuisoma. Shilingi 20 ya zamani na ile ya tembo iliyotoka Desemba 2018 ni sarafu mbili tofauti kwake, kwa hiyo zifundisheni kila moja kwa sampuli 15 hadi 20, mkichanganya chakavu na mpya. Mkifundisha kwa zinazong'aa tu, nusu ya wateja watarudishiwa sarafu.

M-Pesa inawezekana kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. STK Push, ombi la malipo linalojitokeza kwenye simu ya mteja, inahitaji namba ya simu ya mteja, na kabati halina kibodi. Kuiandika kwa jostiki ni adhabu. Paybill ni bora: namba ya akaunti ndiyo namba ya kabati, na arifa ikifika kwenye seva, kabati hilo linapewa mchezo. Till ya kawaida haina nafasi ya akaunti, kwa hiyo ukiwa na makabati mawili hutajua lipi limelipiwa. Arifa wakati mwingine huchelewa, nayo foleni haingoji. Kwa hiyo sarafu iwe njia kuu, M-Pesa ya pili. Na kabati lisitoe pesa wala tokeni ya kubadilishwa kwa pesa: mashine za kamari za sarafu zimesakwa na serikali miaka ya karibuni, na askari hatakaa kuchunguza tofauti.

Fikeni mtaani mapema

Injini inayowafikisha kwenye majaribio ya hadharani haraka ina thamani kuliko yenye sifa ndefu. Tattoo Assassins ya Data East Pinball, mwaka 1994, ilijivunia mapigo ya kumalizia zaidi ya elfu mbili, ikashindwa majaribioni na haikutoka. Primal Rage II ya Atari Games iliishia hapo hapo. Capcom Fighting All-Stars iliwekwa kumbini Japani ikafutwa mwaka 2003, ingawa mhusika wake Ingrid aliokolewa na kupelekwa kwenye mchezo mwingine. Wote walikuwa na pesa na wataalamu. Walichokosa ni wachezaji wanaoongeza sarafu baada ya kupoteza.

Kwa hiyo wahusika wawili, mandhari moja na kabati moja la plaiwudi vinatosha kwa jaribio la kwanza, kwenye kibanda cha PlayStation ambacho mwenyewe amekubali mgao. Mchezo uandike faili ya kumbukumbu: saa ya kila sarafu, mhusika aliyechaguliwa, nani alishinda, na kama aliyeshindwa alilipa tena ndani ya dakika moja. Mhusika mmoja akishinda zaidi ya mara sita katika kumi, rekebisheni fremu zake kabla ya kugusa picha. Pigo maalum ambalo halijatokea hata mara moja mchana kutwa lina amri ngumu mno, au halijaonyeshwa kwenye kibandiko cha paneli, na kubadilisha kibandiko ni kazi ya dakika kumi.